Mke wangu mwalimu yuko kwenye simu hadi saa sita usiku

Msomaji mmoja wa Morogoro, mwanaume, ameniandikia ujumbe mrefu ambao nimeusoma mara tatu. Unaanza hivi: “Mshauri, mke wangu ni mwalimu wa sekondari, yuko kazini mwaka wa kumi na mbili. Siku hizi ikifika saa nne usiku anachukua simu, anakwenda kukaa sebuleni peke yake mpaka saa sita. Nikimuuliza ananijibu kwamba anasoma. Mwalimu anafundishwa nini tena, na nani, saa hizo?”

Malalamiko hayaishii hapo. Bando la wiki linakata siku ya tatu. Mtoto wa mwisho amelala bila kuoga mara mbili. Wiki mbili zilizopita, saa tano na robo usiku, alimnyang’anya mkewe simu. Mama alilia sana, na anachosema yeye ni kwamba alikuwa amebakiza dakika chache kutuma kazi yake kabla muda haujafungwa. Tangu siku hiyo wawili hao wanasalimiana tu, na chakula kinaletwa mezani kimya kimya.

Nilimuuliza ni kozi gani. Alinijibu kwamba ameona karatasi mezani: mafunzo ya miezi mitatu ya kuwaandaa walimu kutunga na kuendesha masomo kwa njia ya mtandao, kwa kutumia programu huria iitwayo Moodle. Kisha akaongeza sentensi ambayo kwangu ndiyo kiini cha ujumbe wote: “Hajawahi kukaa chini akanieleza.”

Ndugu msomaji, nimeona nijibu hadharani kwa sababu nyumba za namna hii sasa ni nyingi. Walimu wanatakiwa kujiendeleza wakiwa kazini. Taasisi ya Elimu Tanzania ina mpango wake wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao unawataka walimu wakutane shuleni kwao kujifunza pamoja. Vyuo navyo vina kozi fupi za mtandaoni, na wapo wanaojiandikisha kwa hela zao wenyewe. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya masomo hayo inasomewa nyumbani, kwenye simu ya familia, kwa bando la familia, katika muda ambao familia ilikuwa imeuzoea kuwa wake. Halafu hakuna aliyeiuliza familia.

Kaka yangu, nianze na hiyo saa inayokutia mashaka. Kozi nyingi za namna hii hufunga kazi za wiki saa sita kasoro dakika moja usiku. Mfumo wenyewe ndio unaofunga, hakuna mwalimu wa kumbembeleza. Ikishapita hapo, kazi uliyoihangaikia siku nne inaandikwa imechelewa, au mlango haufunguki kabisa. Ongeza kwamba usiku mtandao una nafuu, na kampuni za simu huuza vifurushi vya usiku kwa bei ya chini kuliko vya mchana. Mchana wa mwalimu unaujua: vipindi, zamu, kusahihisha madaftari, na vikao ambavyo vinaitishwa saa nane na kuisha saa kumi na moja. Akifika nyumbani kuna maji, mkaa na watoto. Saa nne usiku ndiyo saa ya kwanza ya siku nzima ambayo hakuna anayemwita.

Hivyo usiku huo unaweza kuwa na maelezo ya kawaida kabisa. Sisemi kwamba kila anayekesha na simu anasoma. Nasema kwamba ratiba uliyonielezea ndiyo ratiba ya mtu anayesoma.

Sasa, mwalimu anafundishwa nini? Wengi hudhani ni kubonyeza vitufe. Vitufe vinajulikana kwa siku mbili. Kazi ngumu ni kulivunja somo upya. Chukua mwalimu wa Biolojia ambaye amezoea kusimama mbele ya darasa la wanafunzi themanini na kueleza mzunguko wa damu kwa dakika themanini za vipindi viwili. Darasani anaona macho yao. Anajua nani ameelewa na nani anaangalia dirishani, naye anarudia pale inapobidi. Mtandaoni macho hayo hayapo. Inabidi aligawe somo vipande vifupi, kila kipande kiwe na swali la kupima, na kila jibu lenye kosa liwe na maelezo ya kumsaidia mwanafunzi aone amekosea wapi. Anatakiwa kutabiri mapema makosa ambayo mtoto atayafanya akiwa peke yake. Mwalimu wa miaka kumi na miwili ana hazina kubwa ya makosa hayo kichwani, na kuyatoa kichwani na kuyaweka katika maandishi ni kazi inayochosha kuliko kufundisha kwenyewe.

Jambo lingine ni kwamba katika kozi hizi mwalimu huwa mwanafunzi kwanza. Anachangia kwenye ukumbi wa majadiliano, anasubiri mrejesho, anapata maksi sita kwenye kumi. Mtu aliyezoea kuitwa “mwalimu” tangu asubuhi mpaka jioni, usiku anasahihishwa na mtu ambaye huenda ni mdogo kwake kwa umri. Hilo pekee linatosha kumfanya mtu akae sebuleni peke yake.

Wala si mambo mapya katika nchi hii. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Serikali ilipoamua kwamba kila mtoto wa rika la shule ya msingi aandikishwe ifikapo 1977, walimu hawakutosha. Vijana wengi waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakapewa madarasa, huku wakifundishwa ualimu wakiwa hapo hapo vijijini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio pamoja na wakufunzi waliowatembelea. Ndio walimu wa UPE ambao baadhi yetu tuliwatania, na ndio waliotufundisha kusoma. Mwaka 1973, kabla yao, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima vijijini kuzunguka redio, wakasikiliza na kisha kujadili vyoo na maji safi. Bibi zetu walisoma kwa kibatari baada ya kuosha vyombo. Kilichobadilika ni chombo. Redio ilisikika na nyumba nzima, mume alijua mke anasikiliza nini. Simu inasikika na mtu mmoja tu, mwenye vidude vya masikio. Nadhani hapo ndipo hofu inapozaliwa.

Hata hiyo Moodle ina historia inayofanana na yetu kuliko watu wanavyofikiri. Aliyeianzisha, Martin Dougiamas, ni Mwaustralia aliyekulia katika makazi ya mbali ya jangwani huko Australia Magharibi. Shule yake ya utotoni ilikuwa ya redio ya mawimbi mafupi, na karatasi za masomo zililetwa kwa ndege ndogo. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Curtin mjini Perth, akisimamia mfumo wa kulipia wa masomo ya mtandaoni, mfumo ambao hakuridhika nao. Akaanza kutengeneza wa kwake, na toleo la kwanza kamili likatoka Agosti 2002. Angeweza kuufungia akauuza. Badala yake aliutoa kama programu huria, na ndiyo maana leo vyuo vikuu vya hapa kwetu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, vinaendesha masomo yao ya mtandaoni kwa Moodle bila kununua leseni.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno “huria”, maana mume aliyeniandikia aliuliza pia, kwa kejeli kidogo, kama mkewe anasomea “vitu vya bure”. Mmarekani Richard Stallman, aliyetangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983, amekuwa akilazimika kueleza jambo hili kwa miaka yote hiyo, kwa sababu katika Kiingereza neno la bure na neno la huru ni moja. Sisi Mungu ametujalia maneno mawili. Bure ni kitu usichokilipia. Huria ni kitu ambacho umepewa ruhusa ya kukitumia upendavyo, kukifungua uone kilivyoundwa, kukibadilisha, na kumpa mwenzako. Chakula cha harusi ni bure, lakini huendi nacho jikoni ukabadilisha mapishi. Mbegu uliyopewa na jirani, ukaipanda, ukachagua nzuri, ukamgawia shemeji yako, hiyo ndiyo inayokaribia huria.

Mfano wa nyumbani upo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya kuandikia barua na kupiga mahesabu, ikiwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia magoti mwenye kampuni awaruhusu kutafsiri. Leseni ilikwisha kuruhusu. Mwalimu anayeelewa jambo hilo anaelewa pia kwamba yeye si mteja tu wa teknolojia. Akiona swali la mfano katika kozi limeandikwa kwa mazingira ya Ulaya, lenye treni na theluji, anaweza kulitoa akaweka daladala na masika.

Na kuna jambo la uadilifu ambalo katika ukurasa wa familia siwezi kuliruka. Kompyuta nyingi za majumbani na mashuleni zina programu za wizi. Fundi anakuja na flashi, anavunja ufunguo, anapewa hela yake, anaondoka na kutuachia virusi. Baba anayemchapa mtoto kwa kuiba peni naye anaandikia ankara zake kwenye programu iliyoibwa. Sisemi hili kumwaibisha mtu, maana bei za programu halali ni kubwa kwa mshahara wa kawaida. Lakini njia ya tatu ipo, na ndiyo wanayofundishwa walimu hawa: LibreOffice kwa kuandika, Linux kwa kuendesha kompyuta yenyewe. Kompyuta ya zamani iliyoshindwa kubeba Windows mpya mara nyingi huamka tena ikiwekewa Linux nyepesi. Shule zenye kompyuta za msaada zilizorundikwa stoo zingefaidika sana na mwalimu mmoja tu anayejua kuziamsha.

Nisiwapambie, lakini. Programu huria haina bei ya leseni, ila ina gharama nyingine. Moodle inahitaji kompyuta ya kuihifadhi, umeme, na mtu wa kuitunza, na mtu huyo akihamishwa wilaya, mfumo wote unaweza kulala. Mashine inasahihisha maswali ya kuchagua kwa sekunde, jambo ambalo lingempunguzia mwalimu mzigo wa madaftari anayobeba nyumbani, lakini insha haiisahihishi, na shule yenye kompyuta kumi kwa wanafunzi mia nane itaendelea na karatasi kwa muda mrefu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni kwa sababu ya korona, tuliona wazi nani alifikiwa na masomo ya mtandaoni na nani aliachwa akichunga mbuzi. Mafunzo mazuri humfundisha mwalimu kuanza na hali hiyo. Moodle inaweza kuwekwa kwenye kompyuta moja ya shule na wanafunzi wakaifikia humo humo shuleni bila intaneti. Kolibri nayo, programu huria nyingine yenye masomo ya video na mazoezi, imetengenezwa makusudi kwa mahali pasipo na mtandao, na ina masomo ya Kiswahili.

Turudi nyumbani kwako, kaka. Kumnyang’anya mtu mzima simu mkononi si jambo la kufanya, hata kama mashaka yako yangekuwa na msingi. Ulimtendea kama unavyomtendea mtoto wa darasa la nne, na ukamharibia kazi. Mwombe radhi, tena kwa maneno, usiseme utamnunulia kitenge yaishe. Usiombe nywila zake. Siku moja saa nne hiyo hiyo chukua kiti ukae karibu yake, umwambie, “Nionyeshe unachosoma.” Akikufungulia somo alilolitunga, jaribu kujibu maswali yake. Nina hakika utakosa mawili matatu, na mtacheka, jambo ambalo hamjalifanya kwa wiki mbili.

Jiulize pia swali hili kwa haki. Kama ungekuwa wewe unayesoma, ingekuwaje? Katika nyumba nyingi ninazozijua, akisoma baba, watoto huambiwa wanyamaze, na chai huletwa. Akisoma mama, mtoto asiyeogeshwa anahesabiwa kuwa ushahidi. Mtoto huyo ana baba mwenye mikono miwili na ndoo iko pale pale bafuni.

Kwako mwalimu, najua utasoma, kwa sababu mumeo amesema gazeti hili mnalisoma wote. Nawe una sehemu yako. Kozi ya miezi mitatu inayokula pesa na usiku wa nyumba si siri ya kuwekwa kwenye karatasi mezani. Huenda uliogopa kukatazwa, au uliogopa kuchekwa ukifeli. Bado mwenzako alistahili kujua inaanza lini, inaisha lini, na inagharimu shilingi ngapi. Mtu huvumilia kiu akijua kisima kiko umbali gani. Mpe ratiba iliyoandikwa, ibandikeni jikoni: Jumanne na Alhamisi ni siku za kusoma, Jumapili jioni ni siku ya kutuma kazi. Usingoje saa ya mwisho, tuma saa tatu, kwa sababu umeme wetu unaujua.

Kuhusu bando, kuna nafuu ambayo wengi hawaitumii. Moodle ina programu yake ya simu, ya bure, na kama chuo kimeiruhusu unaweza kupakua masomo ya wiki nzima ukiwa kwenye mtandao wa shule au wa ofisi ya rafiki, kisha ukasoma nyumbani data ikiwa imezimwa. Video ndizo zinazomaliza bando. Zishushe ubora, au soma maandishi yake kama yapo. Na bando la kozi litengeni na bando la nyumba, kila moja na hesabu yake, ili mtoto asiambiwe “mama amemaliza” wakati aliyemaliza ni mpira wa Jumamosi.

Mume ameuliza kama cheti hiki kitaongeza mshahara. Cheti cha kozi fupi si stashahada wala shahada, na nisingependa mtu yeyote akope kwa kutegemea kwamba kitampandisha daraja. Kinachobaki mkononi ni uwezo: kuandaa somo ambalo shule nyingine inaweza kulitumia, kuwa mwezeshaji wa walimu wenzake, kusimamia mfumo wa shule yake. Wengine hupata kazi za ziada kwa njia hiyo, wengine hawapati. Kabla ya kulipa ada ya kozi nyingine yoyote, muulizeni mwendeshaji maswali haya: nani anatambua cheti, kazi zinasahihishwa na mtu au ni mashine tu, na je, mwalimu ataruhusiwa kuondoka na masomo aliyoyatunga yeye mwenyewe? Wapo wanaofundisha programu huria kisha wanazifungia kazi za walimu ndani ya tovuti yao. Mtu akisitasita kujibu swali hilo la mwisho, hela yenu ibaki mfukoni.

Na kama kweli mnayo ile kompyuta ya zamani uliyoitaja, kaka, iliyofunikwa kitambaa juu ya kabati, mpe mwalimu ajifunzie kuweka Linux kabla hamjamwita fundi wa flashi. Nakili kwanza picha za harusi yenu zilizomo, maana kuweka mfumo mpya kunaweza kufuta kila kitu. Shikeni kazi hiyo wawili, Jumamosi mchana, watoto wakiwa wameshaoga.

Wiki ijayo nitamjibu mama wa Dodoma anayeishi na mdogo wa mumewe aliyekuja “kwa wiki mbili” mwezi Machi.